Hodi ya Tatu

Mlango wa ofisi ulimpitisha mke, ukamkataa mume.

Nilikuwa nimesimama mapokezi na kikombe changu cha chai, nangoja mwili uamke. "Yusta Mtweve, karibu," mlango ukasema, kwa ile sauti ya upole iliyochaguliwa kwenye kikao ambacho mimi nilisinzia mwanzo mpaka mwisho. Akaingia mama wa miaka sitini hivi, kanga mbili begani juu ya sweta, nywele zimeshika unga wa mbao. Nyuma yake mzee mmoja mrefu akaweka kiganja palepale mkewe alipoweka chake. "Jina hili halipo," mlango ukasema. Mzee akakifuta kiganja kwenye suruali, akaweka tena. "Jina hili halipo." Hakubishana nao. Alirudi nyuma hatua mbili akakaa kwenye ukingo wa bustani, na upepo wa Makambako, ambao mwezi wa saba hauna adabu hata kidogo, ukawa unampiga.

"Habari za asubuhi, dada," yule mama akaniambia.

"Nzuri. Poleni na safari."

"Tushapoa. Namtafuta mtu wa majina."

Jengo zima lina watu mia mbili wa majina. Nikaangalia kushoto na kulia kama kuna mwingine wa kusukumiwa. Hakuna. Nikaweka kikombe chini, nikamwambia ni mimi, Sekela Mwaisumo, mpanga programu, akae.

Hakukaa. Alinipa barua iliyokunjwa mara nne. Mamlaka ya Majina inakupa pole kwa kuondokewa na mumeo, Kanisius Haule. Jina lake limefungwa. Nyumba na shamba vimehamishiwa kwako. Chini kulikuwa na muhuri wetu.

"Nimeondokewa vipi," akauliza, "na mtu niliyelala naye jana juu ya lori la mbao? Basi lilimkataa, tukaja na mbao."

"Pole, dada," nikasema, na papo hapo nikaona aibu, maana pole yetu alikuwa nayo mkononi.

"Pole zimetosha. Mzee ana sukari tangu kijana. Kabati la dawa kijijini limekataa kumpa sindano, leo siku ya tisa. Jirani yetu mgonjwa kama yeye alikuwa anamgawia zake. Ya mwisho mzee amejichoma jana asubuhi. Sasa anakunywa maji tu, na kukojoa, na kunyamaza."

Nikatoka nje naye.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Msiugombeze huo mlango," akasema Kanisius. Midomo ilikuwa imemkauka. "Unasema ulichoambiwa."

Nieleze kidogo, maana watu wa kazi yangu tunapenda kujifanya tuna siri. Kila kitu chenye mlango, bomba au droo katika nchi hii huuliza jina kabla ya kufunguka. Chenyewe hakijui jina hata moja. Kinaiuliza seva kuu, seva kuu inasema sijui, kaulize mkoa. Mkoa unasema kaulize kijiji. Na kijiji ndicho chenye daftari. Safari hiyo ya kuuliza hakuna kifaa kinachoifanya kwa akili yake. Vyote vinatumia maktaba moja ya programu, vipande mia mbili hivi vya msimbo ambavyo mtengenezaji wa makabati au milango anavichukua na kuvipachika ndani ya bidhaa yake bila hata kuvisoma. Kipande kinachouliza kinaitwa bisha. Kinarudisha namba. Sifuri: jina lipo, na mwenyewe anapatikana hapa. Moja: daftari limetafutwa, jina halimo. Mbili: daftari halikujibu, sijui. Nilikiandika mimi, miaka ishirini na miwili iliyopita, nikiwa na meno yote.

Palepale kwenye ukingo wa bustani nikatoa kifaa changu, nikaiuliza seva ya kijiji chao, Lisongo, kwa mkono, bila kupitia bisha. Nikangoja. Yusta alinieleza kuwa seva hiyo imewekwa kwenye stoo ya zahanati, inakula umeme wa jua, na mlima unaikatia jua kila siku saa tisa. Mwezi wa nne mvua zilipofululiza, ilizimika karibu wiki nzima. Sekunde thelathini. Arobaini. Kwenye sekunde ya arobaini na moja likaja: Kanisius Haule, mume wa Yusta Mtweve, Lisongo. Jina lipo.

Kijijini alikuwa hai. Ni kwingine kote alikokuwa amekufa.

Nikarudi mezani kwangu nikaufungua msimbo wa bisha, ambao sikuwa nimeugusa miaka kumi. Nilijua ninachotafuta na niliomba nisikikute. Nilikikuta mstari wa mia moja na nne. Programu inaiuliza seva mara ya kwanza, inangoja sekunde nne. Mara ya pili, sekunde nne. Mara ya tatu. Ikinyamaziwa mara zote tatu, inarudisha moja.

Siyo mbili. Moja.

Na juu yake maelezo yangu mwenyewe, ya kujiamini kabisa: hodi tatu zinatosha, tusigande mlangoni pa watu.

Kwetu Tukuyu, mtoto aliyepiga hodi ya nne alirudi nyumbani sikio limevutwa. Unabisha mara tatu. Ukinyamaziwa, wenye nyumba wameshakujibu. Unageuka, unakwenda zako, huchungulii dirishani, huulizi majirani. Hayo ndiyo malezi niliyopewa na mama yangu, na mimi nikaipa mashine, bila hata kujua kwamba naipa. Wakaguzi watatu waliipitia kazi ile kabla haijatoka. Wote walikuwa wamelelewa kama mimi. Waliusoma mstari wa mia moja na nne wakaona ni sawa, na mmoja aliniandikia pembeni kwamba nina adabu.

Jibu la sifuri au la moja hukumbukwa, ndiyo maana mlango ulimpitisha Yusta papo hapo. Kifaa kimoja kikilipata, kinawapa wenzake, ili wasijisumbue kuuliza tena. La moja halimzuii mtu papo hapo; likidumu siku thelathini linakwenda Kitengo cha Hitimisho, na Hitimisho hufunga jina na kuandika barua za pole. Wiki ya mvua, kabati la Lisongo lilibisha hodi tatu kwenye seva iliyozimika, ndani ya jengo hilohilo moja, ukuta mmoja katikati. Kesho yake nchi nzima ilikuwa na habari kwamba Kanisius Haule hayumo. Likachelewa kumfunga hadi foleni ya Hitimisho ilipofika kwake, siku tisa zilizopita.

Jambo moja lilinichoma kuliko yote. Kwa miaka ishirini na miwili nilikuwa nikijisifu kwenye semina kwamba maktaba yangu ni imara, haijawahi kurudisha mbili hata siku moja.

*

Mkurugenzi wetu, Hilmar Kyando, ni mtu wa miaka arobaini na kitu, mstaarabu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akainuka, akafunga mlango mwenyewe.

"Shikamoo mama, sikukusalimu vizuri."

"Marahaba. Mzee yuko bila sindano tangu jana."

"Basi msajili upya. Dakika kumi. Unamwandika kama mtu mpya, kiganja chake kinapata jina jipya, kabati lolote litamfungukia. Mbona tumeshafanya hivyo."

"Mmeshafanya?"

Akaangalia meza yake. "Kabla yangu walifanya. Na mimi mara mbili tatu."

"Na Kanisius wa zamani?"

"Anabaki amefungwa. Kiganja kimoja hakibebi majina mawili."

"Ndoa yake?"

"Wataoana tena. Wazee wengine hufurahi."

Sikucheka. Naye hakuwa anatania sana. Alikaa, akateremsha sauti.

"Mama Mwaisumo, nisikilize. Ukiugusa mstari ule, kila aliyefungwa kwa sababu ya kimya anafunguka. Mashamba yameshagawanywa. Wajane wameolewa, wana watoto. Unataka tuwapigie tuwaambie nini? Unajua ni wangapi?"

"Sijui."

"Na mimi sijui. Nimekaa kiti hiki miaka sita kwa kutokujua, na nyumbani nalala. Wewe umebakiza miezi minne ustaafu. Msajili mzee wa watu, apate dawa, kapumzike. Wanaokuja watakuja kuliona wenyewe."

Nasema kweli, nilitamani. Nilikuwa nimechoka, uchovu usioisha kwa kulala. Nilitamani mtu aniambie lile ni jema na niliamini, kwa muda wa kushuka ngazi kutoka kwake, kwamba ni jema. Mgonjwa anapata sindano. Nani angenilaumu?

Niliwaeleza wote wawili palepale nje, bila kuficha kitu. Kwamba jina lilifungwa kwa kosa, kosa ni langu. Kwamba kuna njia ya dakika kumi, ya kumsajili upya, na kuna njia ya muda wa saa tatu, ya kuurekebisha msimbo wangu, na ya saa tatu inaweza isifanye kazi. Kwamba ya dakika kumi itamfanya mtu mwingine.

"Msajili," Yusta akasema kabla sijamaliza.

Kanisius aliinua mkono. "Huyo mpya atakuwa na mke?"

"Mpaka mfunge ndoa tena."

"Watoto?"

"Kwenye daftari, hapana."

"Sisi tumezika watoto wawili, mama. Mimi nilisimama pale kama baba yao." Alinywa maji, akafunga chupa polepole. "Huyo mpya hajazika mtu. Mpe sindano huyo. Mimi nitangoja yangu."

"Acha ukaidi, Kanisius," mkewe akasema. "Utazikwa na jina lako zuri."

"Nimeshabatizwa mara moja. Yatosha."

Yusta akanivuta kando, akasema kwa sauti ya chini kwamba mumewe amekuwa hivyo tangu ujana, kwamba mimi ndiye mwenye akili timamu hapa, nimsajili tu atake asitake. Mimi nikamwambia nitampigia nesi wa zahanati ya mjini. Nesi alinijibu kwamba kitanda na dripu anavyo, vitu hivyo haviulizi jina. Kabati la dawa halifungui yeye, linajifungua lenyewe. Nimlete haraka.

"Angalau wewe umepiga simu," Yusta akasema. "Wale wenzake hawakupata hata wa kuongea naye."

"Wenzake gani?"

Alinitazama kama mtu anayeongea na mtoto mzito. "Unadhani barua kama hii imekuja moja tu? Mwaka juzi zilikuja mbili Lisongo. Ng'ambo ya mto zilikuja tatu. Hawakuwa na nguvu ya kupanda lori."

"Mbona hawakulalamika?"

"Walilalamika. Mtendaji aliwaandikia. Jibu likarudi kwamba mlalamikaji hayumo kwenye orodha ya majina, kwa hiyo malalamiko yake hayapokelewi."

Jibu lile nalifahamu. Fomu ya malalamiko nayo inatumia bisha.

Nikawatafutia gari la kuwapeleka zahanati. Nilikwenda kwenye meza yangu.

*

Kubadilisha moja kuwa mbili, na kurefusha kungoja hadi dakika nzima, ni kazi ya kidole kimoja. Kilichonila muda ni kuamua kifaa kifanye nini kikiambiwa sijui, maana kwa miaka yote hiyo hakuna kifaa kilichowahi kuambiwa hivyo. Milango ya ofisi, nikaandika, isubiri na iendelee kuuliza. Bomba la maji litoe maji. Kabati la dawa lifunguke, liandike limempa nani, liulize tena baadaye. Na lolote lililokumbukwa kutokana na kimya, lisahauliwe leo. Bisha iliandika kila hodi iliyopiga tangu siku ya kwanza, hivyo kimya chote kilikuwa kimehifadhiwa; hakuna aliyewahi kukisoma, basi.

Ilipotimu saa sita nilikuwa nimemaliza. Ufunguo wa kuidhinisha maktaba ile ninao mimi peke yangu, si kwa heshima, ni kwa sababu kila niliyemwomba aupokee alisema ana kazi nyingi. Hilmar alikuja akasimama nyuma ya kiti changu. Alisoma kioo chote.

"Nitalazimika kuandika ripoti juu yako," akasema.

"Andika."

"Sikukuona ukibonyeza." Akageuka akaenda.

Nikabonyeza.

Vifaa hupakua maktaba kwa zamu, mji baada ya mji. Zamu ya Makambako ilikuwa saa nane kamili. Nikakimbilia zahanati, kama mwendo wangu unaweza kuitwa kukimbia. Kanisius alikuwa kitandani na dripu mkononi. Pumzi yake ilikuwa ndefu, ya haraka, na ilinuka tunda lililoiva kupita kiasi. Alinijibu salamu. Saa saba na robo alimjibu mkewe neno lisiloeleweka. Saa saba na nusu hakujibu.

"Sasa hana kauli," Yusta akasema. Hakulia, alikuwa ameshika miguu ya mumewe juu ya blanketi. "Mimi ndiye mwenye kauli. Msajili."

Nesi alinitazama. Alikuwa ameshaita gari la hospitali ya mkoa na gari lilikuwa bado Wanging'ombe.

Mzee alikuwa ameniambia hapana akiwa na akili zake. Mkewe alikuwa ananiambia ndiyo, na mwenye kubaki na kitanda kitupu ni yeye. Nilikuwa nimebeba dawa ya dakika kumi mfukoni tangu asubuhi, nikachagua ya saa tatu, na sikuweza tena kujua nilimchagulia yeye au nilijichagulia mimi, ili nisafishe jina langu. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kazini.

Nikafungua fomu. Nikajaza yote, isipokuwa jina; nikamwuliza Yusta aitweje.

"Mwite unavyotaka."

Nikaandika Mgeni. Nikaweka kiganja cha mzee kwenye kioo cha kifaa changu, kikasomwa, ikabaki kitufe kimoja. "Saa nane na dakika tano," nikamwambia Yusta. "Kabati lisipofunguka, nabonyeza. Nakuapia."

"Na ikiwa hizo dakika tano ndizo zake?"

Nikaweka kidole karibu na kitufe. Tukakaa. Saa nane ikafika, nesi akakiweka kiganja cha Kanisius kwenye kisomeo kidogo kilichounganishwa na kabati. Kabati likauliza. Tulikuwa tumezoea lijibu ndani ya sekunde kumi na mbili, kwa adabu zangu zile. Likapita kumi na mbili. Likaendelea kuuliza. Yusta alikuwa anahesabu kwa midomo bila sauti. Sekunde ya arobaini na kitu droo ikatoka, na sauti ikasema, "Kanisius Haule, karibu," kana kwamba hakuna lililotokea.

Nesi alimchoma. Kufika magharibi mzee alifumbua macho akaomba maji, akaulizia viatu vyake. Yusta alimwambia viatu vipo, kisha akatoka nje ya wodi, na ndipo alipolia. Alipita mbele yangu bila kunitazama wala kunishukuru, na sikuona kama nilistahili.

Mpaka leo sijui kama nilifanya sawa. Alipona. Angeweza asipone, na ningekuwa mtu yuleyule, mwenye sababu zilezile.

*

Kesho yake asubuhi nilichapisha orodha ya waliofungwa kwa kimya. Majina elfu tatu mia tisa na sita. Wengine, bila shaka, walikuwa wamekufa kweli; kimya kinachukua wote. Hakuna seva inayoweza kuwatenganisha. Ni kupiga simu, nyumba kwa nyumba.

Hilmar alipita akaliona lile rundo la karatasi. "Watu wa wizara wanakuja Jumatatu. Wangoje, mpige kwa utaratibu."

"Nitaanza na ukurasa mmoja."

Alisimama kidogo. Kisha akachukua ukurasa wa pili, akaenda nao ofisini kwake, akafunga mlango.

Jina la kwanza lilikuwa Gaudensi Ngailo, wa kijiji cha juu milimani, alifungwa miaka sita iliyopita, mwezi wa nne. Namba ya simu ya nyumbani ilikuwepo. Nilitayarisha maneno yangu kwenye karatasi, nikayakata, nikayaandika tena. Nikapiga. Simu ikapokelewa na sauti ya binti.

"Habari yako, mwanangu. Napiga kutoka Mamlaka ya Majina. Namwulizia mzee Gaudensi Ngailo."

"Shikamoo. Baba alifariki."

Mungu anisamehe, nilipumua. Nikasema moyoni, huyu angalau alikufa. "Marahaba. Poleni sana. Nilikuwa nahakiki tu tarehe. Huku imeandikwa tarehe nne, mwezi wa nne."

"Hapana," binti akasema. "Hiyo ni tarehe ya barua yenu. Baba aliisoma mwenyewe, akacheka, akaibandika ukutani. Alifariki mwezi wa tano, tarehe kumi na moja. Kabati lilikuwa limemkatalia dawa za pumu."

Karatasi yangu ya maneno ilikuwa mbele yangu, na hapakuwa na neno la hilo.

"Upo?" akauliza.

"Nipo."

"Wewe ni nani hasa?"

Nikamwambia. Jina langu, kazi yangu, na kwamba kifaa kilichomkatalia baba yake kilifanya kama nilivyokifundisha mimi, na kwamba nilikifundisha vibaya. Nilitaka anitukane. Ningepumzika kidogo.

"Usikate," binti akasema. "Mama yuko nyuma anafua. Ngoja nimwite, umwambie mwenyewe."

Nikamsikia akiweka simu mezani na kutoka, nikasikia maji yakimwagwa, na kwa mbali mwanamke akiuliza ni nani huyo.